Mtandao Ukija na Kukatika: Anza na Waya



Juma hili tuzungumze juu ya kompyuta inayopata intaneti kwa waya kutoka kwenye ruta, lakini intaneti yenyewe inakuja na kukatika. Kwenye vikundi vyetu kompyuta moja inabeba hesabu za AVEC, ripoti za kikundi na masomo ya watoto. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma ripoti, kazi inarudi mwanzo. Ndipo wengine wanatoa pesa za sanduku kununua mashini mpya, kumbe kilichoharibika ni waya wa dola chache.

Ugonjwa huu unasumbua kwa sababu fundi akifika, mtandao unafanya kazi vizuri. Basi kwanza wekeni daftari. Andikeni saa mtandao ulipokatika, ulikatika kwa dakika ngapi, na nini kilikuwa kinafanyika: jenereta iliwashwa, mvua ilinyesha, au mtu alisogeza meza? Daftari la siku tatu litamsaidia fundi sana.

Pili, mtandao ukikatika, tazama taa kabla ya kugusa kitu. Ikiwa ruta yote imezimika kisha ikawaka upya, shida ni umeme: betri ya sola imechoka, plagi inalegea, au umeme wa jenereta unapanda na kushuka. Ikiwa ruta inawaka lakini taa ndogo ya tundu la waya imezimika, chunguza waya, vichwa vyake na matundu.

Ndani ya waya huo mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili. Uzi mmoja unaweza kukatika ndani na ganda la nje likabaki zima. Angalia pale waya unapopita chini ya mlango, unapobanwa na mguu wa meza, au unapofikiwa na panya. Angalia pia kiulimi cha plastiki kwenye kichwa chake. Kikivunjika, kichwa hakishiki, na kila meza ikitikisika mtandao unakatika. Chomoa, kisha chomeka mpaka usikie mlio mdogo wa kushika.

Shida ikiendelea, azima waya mzima kwa jirani ujaribu. Ikibaki, rudisha waya wako, ujaribu tundu lingine la ruta. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Kama waya unatoka nyumba ya pili, usipite mita 100.

Tatu, kompyuta yenyewe. Windows inaweza kuzima kadi ya mtandao ili kutunza umeme. Kwenye Windows ya Kifaransa, fungua « Gestionnaire de périphériques », kisha « Cartes réseau ». Bonyeza mara mbili jina la kadi ya waya. Ukiona « Gestion de l'alimentation », ondoa alama kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho.

Nne, tafuta kama shida iko nyumbani au nje. Fungua « Invite de commandes », uandike ipconfig. Anwani ya IPv4 ikianza na 169.254, kompyuta haikupata anwani kutoka kwa ruta. Rudi kwenye waya na ruta. Ikiwa anwani ni nyingine, soma namba ya « Passerelle par défaut ». Kama ni 192.168.1.1, andika ping 192.168.1.1 -t, uache iendelee. Mtandao ukikatika huku ruta bado inajibu, waya wako ni mzima. Mwite anayewauzia intaneti. Mnamo Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikalegea Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo, hata ukinunua waya mpya hautakusaidia.

Kila kikundi kichague mama mmoja wa kutunza daftari hilo, na kiweke waya mmoja wa akiba pamoja na vitabu vya hesabu. Fundi akija, mpeni daftari kwanza, ndipo mzungumze bei.

Tuonane juma lijalo.