Mtungi wa Hewa Uko Mombasa

Siku ya tatu maji yalimrudisha binamu yangu yenyewe. Hakuna mpiga mbizi aliyempata. Mwili ulivimba, ukaibuka karibu na matete, mvuvi mmoja akauona alfajiri.

Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumekaa ukingoni mwa bwawa moja la Mto Tana, tukimtazama kijana wa kijiji kile akivua shati, akijifunga kamba ya nailoni kiunoni, akivuta pumzi na kuzama. Dakika moja hivi. Anaibuka, macho mekundu, anatema maji. "Mzee, nimeshika matope na matawi tu," anamwambia mjomba. "Pumzika kidogo, mwanangu," mjomba anamjibu. Hapumziki. Anazama tena.

Tulipiga simu. Afisa aliyepokea alitueleza, kwa upole kabisa, kwamba wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa wako Mombasa, na kwamba ombi linaandaliwa. Mpaka tunazika, ombi lilikuwa bado linaandaliwa.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu nimechoka na sifa. Mtu akifa maji bara, utasikia redioni: wapiga mbizi wa kienyeji, mashujaa wetu, wamejitolea. Mheshimiwa atakuja, atapiga picha nao, atawaachia soda na noti mbili tatu. Kisha gari lake litaondoka. Hebu tuambiane ukweli: kumwita mtu shujaa ni njia rahisi sana ya kukwepa kumnunulia vifaa.

Katika nchi hii mtungi wa hewa tumeufanya kitu cha mgeni. Ukitaka kuuona, nenda Watamu au Diani, ambako watalii wanashuka kutazama samaki wa rangi kwenye matumbawe. Sina ugomvi nao. Lakini huku bara tumejitengenezea maji mengi makubwa kwa mikono yetu wenyewe. Kindaruma ilianza kufua umeme 1968, zikafuata Kamburu na Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga peke yake ikijaa hutandaa kilomita za mraba 120 hivi. Watu wanavua humo, wanachota maji humo, wanavuka humo kwa mashua. Tulipanga umeme utafika Nairobi kwa nyaya zipi. Atakayezama atatolewa na nani, hilo hatukulipanga.

Na maji ya bwawa si maji ya kumtuma mtu na kamba. Tana inashuka na udongo mwingi. Ukizama mita chache, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Chini kuna miti iliyofunikwa bwawa lilipojaa, na nyavu zilizotupwa ambazo hunasa mguu kama zinavyonasa samaki. Karibu na ukuta ndiyo hatari zaidi. Pale maji yanapoingia kwenye mitambo, nguvu ya mvuto humbana mtu kwenye wavu wa chuma kama jani kwenye mdomo wa mtaro, na hakuna misuli ya kumtoa. Ndiyo maana mpiga mbizi wa kazi hagusi maji ya hapo kabla mitambo haijazimwa na malango kufungwa. Yule kijana wetu, nani alimfungia lango?

Wapo watakaosema: si basi waletwe hao wa Mombasa, na waletwe haraka? Hata hilo halitoshi. Anayevuta hewa ya mtungi kule chini hujaza mwili wake nitrojeni. Akipanda kwa pupa, gesi hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, na povu hilo likiwa ndani ya damu hulemaza, tena huua. Kwa hiyo anaongozwa na hesabu za muda na kina, na hesabu za kawaida zimepangwa kwa usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 juu ya bahari lazima zibadilishwe. Masinga ikijaa, uso wake uko mita 1,056.5. Hata vyuma vya uzito anavyofunga kiunoni hupunguzwa, kwani mtu haelei kwenye maji baridi kama anavyoelea kwenye ya chumvi. Bwawa linahitaji watu waliofundishwa bwawa, na wakae karibu nalo.

Wengine watasema vijana wa pale wanayajua maji yao, hawahitaji mtungi. Kweli wanayajua. Wanajua mkondo unapinda wapi na viboko wanalala wapi. Basi si hiyo ndiyo sababu ya kuwafundisha wao kwanza? Ujuzi wao haubadilishi mapafu. Pumzi moja inampa mtu dakika moja au mbili. Mtungi unampa nusu saa na zaidi ya kupapasa matope polepole.

Na kuna wa mwisho, wenye hesabu: aliyekufa amekufa, pesa za nini? Kwanza, mtungi haumfufui mtu, hilo tunalijua. Lakini mama anayesubiri mwili ukingoni kwa siku tatu naye ni mwananchi. Pili, hesabu hiyo haitumiki kwa chuma. Duniani kote, lango la bwawa likikwama hutafutwa mpiga mbizi mwenye mtungi, simu na watu wa kumlinda juu. Ni mtoto wa mtu tu anayetafutwa kwa chupi na kamba.

Mwezi uliopita nilimpigia yule kijana kumjulia hali. Ilibidi nirudie maneno. Sikio la kushoto halisikii vizuri tangu mwaka jana, aliposhuka kumtafuta mtu mwingine. Hajalipwa na yeyote. Hana bima.

Sheria ipo. Katiba imezipa kaunti kazi ya kukabili majanga. Sheria ya walinzi wa pwani ya 2018 inafika hadi kwenye maji ya bara. Kinachokosekana ni mitungi iliyofungiwa kwenye stoo kando ya bwawa lenyewe, vijana wanane au kumi waliofundishwa, mshahara na bima yao, na makubaliano ya maandishi kwamba simu ikipigwa, malango yanafungwa.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla Juni haijaisha, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wewe unayeishi kando ya maji hayo, nenda. Usiulize kuhusu mashujaa. Uliza mtungi uko wapi, na ufunguo wa hiyo stoo anao nani.