Rangi tatu juu ya jiwe

SAFU: NENO LA JUMAPILI
Na Zainabu Mhina

Mwanangu wa pili, mwenye miaka minane, alisimama katikati ya njia akakataa kwenda mbele, akakataa na kurudi nyuma. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa jabali. Upande wa pili, hatua tatu tu kutoka viatu vyake, ardhi ilikuwa imekwisha. Chini kabisa, kina cha karibu mita 1,000, ulionekana mkanda mwembamba wa mawe meupe, sakafu ya korongo. Hapakuwa na uzio wala kamba ya kushika.

Tulikuwa Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote nchini Oman, wenye kimo cha takriban mita 3,000. Desemba ile tulikwenda Muscat kumjulia hali shangazi yake mume wangu. Wengi wa jirani zake wana ndugu Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, na Kiswahili ndicho wanachotaniana nacho mezani. Shangazi hakuelewa kwa nini tuache bahari na soko la Mutrah tukahangaike mlimani. "Mnafuata nini huko, mwanangu?" aliniuliza. Lakini alfajiri alikuwa ameshatufungia mkate wa kumimina na chupa ya chai ya tangawizi, akahakikisha kila mtoto ana sweta. Masweta yale tuliyashukuru. Ukishapita Nizwa na Al Hamra ukaanza kupanda, joto la pwani unaliacha chini pamoja na mitende.

Gari tuliliacha kijiji cha Al Khitaym, mahali ambapo mbuzi hawamwogopi mtu. Wanakuja kukagua mfuko wako kabla hujaushusha. Hapo ndipo inapoanzia njia iendayo As Sab, kijiji kilichohamwa. Watu wameipachika jina la roshani, na jina limeikaa sawasawa: njia imening'inia ubavuni mwa korongo kama roshani ya nyumba ya Mji Mkongwe, nawe unatembea ndani yake kilomita tatu na ushei. Haina kupanda sana. Mtu wa kawaida anayeweza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu anaiweza, mradi awe makini na asiwaachie watoto wakimbie.

Kilichomwondoa mwanangu pale alipogandia hakikuwa maneno yangu. Nilishambembeleza, baba yake alishamshika mkono, wapi. Dada yake, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyemwambia: "Usitazame chini. Tafuta bendera." Bendera ni jina walilokuwa wameipa alama ya njia: mistari mitatu iliyopakwa juu ya mawe, njano, nyeupe na nyekundu, upana wa kiganja cha mtu mzima. Kila baada ya hatua kadhaa unaiona nyingine mbele. Mtoto akainua macho, akatafuta, akaiona juu ya jiwe lililochongoka karibu na mzeituni mwitu. "Ile pale!" Akaenda mpaka kwenye jiwe, akaligusa, akatafuta ya pili. Tangu hapo yeye ndiye aliyetuongoza.

Nami nikaanza kuziangalia zile alama kwa jicho jingine. Hatukuwa na kiongozi wa msafara. Hapakuwa na geti, kibali wala risiti. Tulikuwa wageni tusiojua mlima ule hata kidogo, na bado tulijua tunakokwenda, kwa sababu kuna mtu aliyetembea hapa na kopo la rangi akatufikiria. Na njia yenyewe hawakuichonga upya. Ni njia ya kale ya wanakijiji na punda wao. Wenye nchi walichofanya ni kuipaka alama na kuipa namba, W6, ili iingie kwenye ramani.

Kule mwisho, As Sab, nyumba zimejengwa chini ya mwamba uliotokeza kama kofia. Nimelelewa Lushoto, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye matuta kabla ya nyumba. Matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, yamezuiwa kwa kuta za mawe, na katikati ya mawe makubwa wamebana vijiwe vidogo, kimoja kimoja, mpaka ukuta ukashikana. Nilipitisha kidole kwenye maungio. Aliyeupanga ukuta ule alikuwa na subira ya bibi yangu. Leo hapalimwi kitu, udongo umekauka, lakini kuta nyingi bado zimesimama zikiushikilia. Tulikaa juu ya mmojawapo tukala mkate wa shangazi, hatuzungumzi. Sijui ni lini mara ya mwisho familia yangu ilikaa nusu saa bila mtu kutoa simu.

Sasa niseme nilichokuja kusema. Mwaka mmoja kabla ya safari ile nilitaka kuwapeleka watoto hao hao kutembea mlimani hapa nyumbani, siku moja tu, kwenda na kurudi. Tulizungushwa ofisi mbili, tukaambiwa turudi Jumatatu, na huko njiani hatukuona hata kibao kimoja. Tulirudi mjini saa saba mchana tukiwa hatujafika popote. Watoto wakajifunza kwamba mlima ni wa watalii.

Sisemi viongozi wa wapanda milima waondolewe. Kilimanjaro ina mita 5,895. Hewa ya kule juu ni nyepesi na inaua, na anayekwenda huko bila mtu anayeijua anajitafutia msiba. Misitu minene ya Tao la Mashariki nayo ina viumbe visivyopatikana kwingine duniani, haifai kila mtu aingie atakavyo. Vijana wanaoishi kwa kazi ya kuongoza wageni wana haki ya kula. Ila matembezi ya saa tatu ya baba, mama na watoto siku ya Jumamosi ni jambo jingine kabisa, na tumelichanganya na safari ya kileleni kana kwamba mlima una mlango mmoja.

Njia tunazo. Wanawake wa Kiluguru wanazipita kila siku na mboga na matunda kichwani kuteremkia soko la Morogoro. Usambara nako kila kilima kina kijia kinachopita nyuma ya nyumba ya mtu, kikapita shambani, kikatokea ukingoni. Anazijua aliyezaliwa hapo. Mwingine akijaribu anapotea, au anakuwa mzigo kwa wenyeji, au anaogopa na kubaki mjini. Nimewauliza wazazi wenzangu shuleni kwa watoto, na wengi walioishi Morogoro miaka kumi hawajawahi kufika Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani inayojulikana na kila mgeni mwenye mkoba mgongoni.

Basi ombi langu kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa Manispaa ya Morogoro ni dogo. Kaeni na viongozi wa mitaa na vijiji vya njiani, chagueni njia moja, ile ya kutoka mjini kwenda Morningside. Wekeni kibao pale inapoanzia kinachosema ni umbali gani, ni saa ngapi kwa mwendo wa mtoto, na namba ya simu ya kupiga mtu akiumia. Vijana wa mtaa walipwe kupaka alama kwenye mawe na kuzirudia kila baada ya masika, kwa maana mvua zetu si za Oman. Wenye vibanda wauze chai na ndizi. Kisha tuachieni tutembee.

Mwanangu amenipa rangi zake: kijani, nyeupe, na ya tatu bado anabishana na dada yake.