Adaiwe hata asiyelipwa

Safu ya Zuhura Mbaruku

Tuna huruma moja inayoniudhi. Mtu akifanya kazi bila ujira, hata akichelewa au kuzembea tunasema mwacheni, kwani nani anamlipa? Mimi nasema adaiwe umakini uleule wa mwenye mshahara. Wenye treni ndogo wamenisadikisha.

Katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles, kipo chama cha Los Angeles Live Steamers, kilichoanzishwa mwaka 1956. Siku za Jumapili wanachama, bila ujira, huwapakia wananchi kwa mchango kwenye treni ambazo nafasi kati ya reli zake ni inchi 7 na nusu. Abiria hukaa wametagaa, mmoja nyuma ya mwenzake, kama waliopanda farasi mrefu. Injini ni ndogo, lakini mvuke wake si wa kuchezea. Maji yakipungua mno ndani ya boila huku moto unawaka, boila yaweza kupasuka, sawa na ya garimoshi kubwa. Ndiyo maana dereva habandui jicho kwenye kioo cha kupimia maji.

Kazi za siku kama hiyo ni nyingi. Yupo anayekagua njia asubuhi akiokota mawe na vijiti, maana gurudumu dogo hukwazwa na kitu kidogo. Yupo anayewasha moto na kungoja mvuke upande. Kondakta hukaa behewa la mwisho, macho yake kwa abiria mwendo wote.

Ninayemheshimu kuliko wote ni yule wa stesheni. Humtazama kila mtoto: miguu imekaa pa kukanyagia? Mikono iko ndani? Behewa ni jembamba, na mtu mzima akiegemea upande mmoja ili apige picha, anaweza kuliangusha pamoja na wote waliolipanda. Kwa hiyo anakataza, anarudia, anamwambia huyu asogee na yule ashuke. Wapo wazazi wanaomnunia, eti haya ni mambo ya watoto. Wanamwonea.

Walt Disney, mmoja wa wanachama wa mwanzo wa chama hicho, alikuwa na reli ya aina hii nyumbani kwake tangu 1950, akaiita Carolwood Pacific. Mwaka 1953 mgeni aliyeachiwa injini alikwenda mbio kupita kiasi, injini ikaacha reli, na mvuke uliofumka ukamuunguza mtoto wa miaka 5. Majeraha hayakuwa makubwa. Hata hivyo Disney aliifunga reli ile, wala haikufunguliwa tena. Banda lake la kazi lilihamishiwa Griffith Park mwaka 1999, na Jumapili ya tatu ya mwezi wageni huingia kulitazama.

Mtoto aliyeketi kwenye behewa hajui nani analipwa na nani halipwi, na mvuke haujui. Chama kinachomfunza mgeni kazi, kikamtahini, kikamnyima zamu mpaka awe tayari, hakimnyanyasi hata kidogo. Kinamthamini kuliko kile kinachompa filimbi na kofia siku ya kwanza na kumwachia abiria. Na Jumapili ambayo watu waliofuzu hawatoshi, treni ibaki bandani, hata kama foleni imefika getini.