Mficha Maradhi Kifo Humwumbua



Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mwezi Desemba 1991, wengi tulidhani enzi ya siri imekwisha. Katika viwanda vyetu ingali hai.

Tutazame Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Mwaka 2009 mwajiriwa wake, Phyllis Omido, alikabidhiwa taarifa ya mazingira. Uchunguzi ulipoonyesha hatari, aliondolewa katika kazi hiyo. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikakuta risasi katika damu yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020; Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ukweli uliojulikana mapema ulifichwa, na gharama ikalipwa kwa damu ya watoto.

Tutaambiwa kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yaamuru ukaguzi kila miezi 12, na kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini mkaguzi hulipwa na nani? Na mwenye kiwanda. Taarifa yake hupelekwa kwa nani? Kwa mwenye kiwanda na kwa mkurugenzi wa serikali. Yule avutaye moshi hatajwi. Huo si uchunguzi wa afya yake. Ni barua baina ya wakubwa wawili.

Katiba ya mwaka 2010 yatupa silaha: kifungu cha 41 chaahidi mazingira ya kazi yanayofaa, na cha 35 chatupa haki ya kupata habari. Basi tudai mambo matatu. Taarifa za ukaguzi zibandikwe langoni, kwa Kiswahili. Kila mfanyakazi apewe matokeo ya vipimo vya damu na mapafu yake. Watafiti wa vyuo vikuu waingie viwandani bila kusubiri hisani ya tajiri.

Nanyi waumini, msingoje mazishi. Mnapomzuru mgonjwa, mwulizeni afanya kazi wapi, avuta nini, na wenzake wangapi wakohoa. Andikeni majibu, myapeleke kwa kamati na kwa wakaguzi. Kaini aliulizwa aliko nduguye, nasi tutaulizwa.