ZANA ZETU: VIDOLE VIKIFA GANZI

Ndugu msomaji, umewahi kulima kutwa kwa pawatila, lile trekta dogo la mkono? Basi unajua. Jioni injini imezimwa, lakini mikono bado inatetemeka. Vidole vimekufa ganzi. Hata kikombe cha chai unakishika kwa shida.

Usidhani ni uchovu tu. Ni mtetemo wa mashine. Unatoka kwenye injini, unapita kwenye mishikio, unaingia mikononi. Mtu akitetemeshwa hivyo kwa miaka mingi, mishipa ya vidole huharibika. Ganzi iliyokomaa haitoki upesi, na pengine haitoki kabisa.

Kabla ya kulima, chukua spana. Kaza boliti za injini na za mishikio, kwa maana boliti zilizolegea huzidisha mtetemo. Kama mishikio inapandishwa na kushushwa, iweke juu kidogo ya kiuno chako, usimame wima. Kijana mrefu na mama mfupi hawana kipimo kimoja. Pawatila ya kikundi hupita mikono mingi, na wengi wetu tunaona haya kuirekebisha, eti tunawachelewesha wenzetu. Irekebishe! Ni kazi ya dakika chache.

Usibane mishikio kama umeshika pembe za fahali. Ishike kwa wastani, mashine ijivute yenyewe. Limeni kwa zamu.

Na kama vidole vinakufa ganzi au kupauka hata siku ambayo hukulima, nenda zahanati. Mweleze mganga kwamba unaendesha pawatila.