Mkono Upi, Mfupa Upi? Kiswahili Mbele ya Mgonjwa wa Kebirigo

Mchumaji wa majani chai anayeteleza mteremkoni karibu na Kebirigo wakati wa masika, kikapu kikiwa mgongoni, huanguka akiwa ametanguliza kiganja. Ndivyo mwili unavyojikinga. Afikapo kwa daktari, iwe ni Nyamira au Kisii mjini, husema sentensi moja ya Kiswahili: "Nimevunjika mkono." Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi, na mwalimu yeyote wa lugha angeipa alama zote. Ila mkono, kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, una mifupa 30. Mguu nao una mifupa 30. Miguu miwili na mikono miwili ikijumlishwa, mtu mzima mwenye mifupa 206 amekwisha kuzitumia 120 kati ya hiyo katika maneno mawili tu, mkono na mguu.

Jambo hili si upungufu wa Kiswahili peke yake. Ekegusii nacho kina okoboko na okogoro, na lugha nyingi za Kibantu hugawa mwili kwa namna hiyo hiyo. Mgawanyo huo unatosha kabisa shambani na jikoni. Hautoshi pale ambapo mtu mmoja anamweleza mwenzake ni kitu gani kimevunjika ndani ya ngozi, kitachukua muda gani kupona na kwa nini. Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili, ambao kwa miaka mingi wamejadili istilahi katika makongamano, wanapaswa kuulizwa kazi yao imemfikia nani.

Jibu la haraka la wapenzi wa lugha linajulikana. Watasema kwamba Kiswahili hakikukosa maneno, na watayataja kwa fahari: mtulinga, kitefute, kigasha, kilegesambwa, ugoko, muundi, kifandugu, gegedu, uboho. Wana haki ya kujivunia. Mtulinga ni mfupa ule mwembamba unaounganisha bega na kidari. Kilegesambwa ni kile kifuniko cha goti ambacho wengine hukiita pia ya goti. Kifandugu ni ncha ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Lugha iliyokuwa na watu wa kuchinja, kuvua, kusafiri na kupigana haikungoja chuo kikuu kifunguliwe ndipo itaje mifupa.

Hata hivyo, ni bayana kwamba mengi ya maneno hayo hayasikiki sokoni Kebirigo. Mchumaji chai akiambiwa kwamba kilegesambwa chake kina ufa, atastaajabu sawasawa na ambavyo angestaajabu akiambiwa hivyo kwa Kilatini. Neno la pwani lililolala kamusini si rahisi zaidi kwa mgonjwa wa bara kwa sababu tu ni la Kibantu. Ugomvi wa miaka nenda miaka rudi kati ya wanaotaka kukopa na wanaotaka kubuni umekuwa ugomvi wa nomino, na mgonjwa hajawahi kualikwa kuusikiliza. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo zilikuwa nzito na za kuheshimiwa. Lakini kamusi humjibu yule anayejua neno la kuulizia, na mgonjwa hana neno, ana maumivu.

Tena si kweli kwamba ujuzi wa mifupa uliingia Gusii pamoja na stetoskopu. Abagusii walikuwa na wapasuaji wao walioitwa ababari, na omobari omotwe alikuwa ndiye mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyepigwa kichwani, akabaki na maumivu yasiyokwisha, alipelekwa kwake. Omobari alipasua ngozi ya kichwa, akaufikia mfupa wa fuvu, akaukwangua polepole hadi kuufikia utando unaofunika ubongo, kisha akakoma. Kukoma hapo ndiko kulikohitaji ujuzi. Fuvu lina tabaka gumu la nje, tabaka la ndani lililo gumu vilevile, na katikati yake mfupa wenye vishimo kama sifongo unaobeba uboho na damu. Anayekwangua bila kuyafahamu mapito hayo kwa vidole vyake anaua. Daktari wa magonjwa ya akili Edward Margetts aliandika juu ya upasuaji huo mwaka 1967, na mwaka 1985 madaktari wengine wakauchapishia makala katika jarida la upasuaji. Habari zote hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Hakuna haja ya kumfanya omobari kuwa malaika. Upasuaji bila usafi wa kisasa ni hatari, na hakuna anayependekeza urudishwe. Kinachosikitisha ni kwamba maneno aliyoyatumia kumfundisha mwanafunzi wake, yale ya kutofautisha mfupa mkavu na mfupa wenye damu, hayakuwa yakitafutwa na watu wa lugha. Watu wa lugha walikuwa wakitafuta mashairi.

Pengine msomaji atadhani kuwa kujua kwa vidole ni jambo la wasiosoma. Mvunjiko ule wa mchumaji chai, karibu na kifundo cha mkono, ndio ulioelezwa na Abraham Colles huko Dublin mwaka 1814, na hadi leo madaktari wanautaja kwa jina lake. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895. Colles aliufahamu mvunjiko huo kwa kutazama na kupapasa, kisha akaueleza kwa lugha iliyo wazi. Hapo kuna funzo la mtindo ambalo halijachukuliwa kwa uzito: alieleza kwanza, jina likafuata baadaye.

Sasa tatizo lililo kubwa kuliko uhaba wa nomino ni hili: baadhi ya maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo, na ambayo kila mtu anayaelewa, yanamfundisha mgonjwa fiziolojia isiyo sahihi. Kitenzi kuunga ni mfano mzuri. Fundi huunga mbao, mshonaji huunga vitambaa, na vitu hivyo vikishaungwa vimeungika. Mgonjwa anayeambiwa kwamba daktari "ameunga" mfupa wake ana kila sababu ya kuamini kuwa kazi imekwisha siku ile ile, na kwamba plasta ni kama kamba ambayo mtu anaweza kuikata maumivu yakipungua. Kumbe mfupa si mbao. Ni kiumbe hai chenye mishipa ya damu, chenye seli zinazojenga na seli zinazobomoa, zikifanya kazi mchana na usiku hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvunjika. Mfupa unapovunjika, damu huvuja na kuganda mahali pale. Baada ya siku kadhaa tishu laini iliyo na gegedu huziba pengo. Baadaye tishu hiyo hugeuka kuwa mfupa mchanga, mnene na usio na umbo zuri, na kwa miezi mingi zile seli zinazobomoa na zinazojenga huuchonga hadi ukaribie kuwa kama ulivyokuwa. Daktari hunyoosha na kushikilia. Anayeunga ni mfupa wenyewe. Majuma sita hivi ya plasta kwa mvunjiko wa aina ile ya kifundo cha mkono yanapata maana pale tu jambo hili linapoelezwa. Lisipoelezwa ni adhabu, na mtu mwenye majani ya kuchuma hukubali adhabu kwa shingo upande.

La ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na kitenzi kinachofaa zaidi. Kuganga, katika maana yake ya zamani, ni kufunga na kushikiza kitu kilichovunjika, na gango ni kile kifaa cha kushikizia. Humo ndimo alimotoka mganga. Neno hilo sasa limesukumwa hadi kwenye hirizi na ramli, na daktari wa kisasa hataki kuitwa hivyo. Lau wanafunzi wa isimu wangelifufua katika maana yake ya kwanza, plasta na mabanzi ya muunga mifupa wa kijijini vingeeleweka kuwa ni gango tu, na gango likikaza mno hunyima vidole damu, vikafa. Hatari hiyo ni ya kweli, na huwapata wanaofungwa kwa nguvu na mikono isiyojua kuangalia rangi ya kucha.

Mfano wa pili ni baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kavu. Jina zima ni urithi wa tiba ya Wayunani iliyopokewa na matabibu wa Kiarabu, iliyougawa ulimwengu katika joto na baridi, unyevu na ukavu. Katika nyanda za juu za Nyamira, kunakoamka ukungu kila asubuhi, jina hilo limepata ardhi yenye rutuba. Mama mwenye magoti yanayouma huvaa sweta ya pili na kuendelea kubeba mzigo. Baridi yaweza kuuzidisha uchungu, na wagonjwa wengi husema hivyo, lakini siyo iliyokula gegedu. Ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa kwa gegedu laini, na ute mwembamba huzilainisha zipitane bila kukwaruzana. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichakaa halijirudishi kirahisi kama ngozi. Ugonjwa huo wa kuchakaa ni mmoja. Mwingine, ambao nao huitwa baridi yabisi, ni ule wa kinga ya mwili kuushambulia utando wa ndani wa kiungo, na dawa zake ni tofauti kabisa. Jina moja limefunika magonjwa mawili na kutoa sababu ambayo si ya mojawapo.

Na hicho kiungo chenyewe? Ni kiungo cha goti, kiungo cha mwili kama figo, kiungo cha pilau, na katika soka ni mchezaji wa katikati. Muktadha huokoa mara nyingi. Kano nalo limebebeshwa tishu mbili, ile inayofunga mfupa kwa mfupa na ile inayofunga msuli kwa mfupa. Lakini kinyume chake pia kipo. Msemaji wa kawaida husema mguu umeteguka au umeshtuka, na katika vitenzi hivyo viwili kuna mbegu ya tofauti kati ya mfupa uliotoka mahali pake na kano zilizovutwa tu. Mshtuko wa mguu, kama mshtuko wa moyo wa mtu aliyetishwa, hurudi. Hapo watunga istilahi wangekuwa na kazi ya kupanga tu, wasingehitaji kubuni.

Sheria nayo imekwisha kutangulia. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Idhini ya kupasuliwa inayotolewa bila maelezo hayo ni sahihi juu ya karatasi tu. Tasnifu moja ya uzamili iliyokaa miezi mitatu kwenye benchi la wagonjwa wa mifupa, ikisikiliza wanavyotaja, wanavyoonyesha kwa kidole, na mahali wanaponyamaza, ingefaa zaidi kuliko orodha nyingine ya istilahi mia tano. Maelezo ambayo daktari wa Nyamira angeweza kupewa na tasnifu kama hiyo hayahitaji neno hata moja gumu:

"Mama, kigasha chako, yaani sehemu hii ya kiwiko hadi kifundo, kina mifupa miwili. Uliovunjika ni huu wa upande wa kidole gumba. Mimi nimeunyoosha tu. Utajiunga wenyewe, kwa damu yako, na utachukua majuma sita. Maumivu yatakwisha kabla yake, lakini utakuwa bado laini. Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, rudi siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Kuna jambo ungependa kuuliza?"