Nyumba Haihami, Wenyeji Huhama

Kwa Kireno, nyumba na ardhi huitwa “imóvel”, yaani kisichosogea. Wanasheria wetu nao husema mali isiyohamishika. Mimi, mwanaisimu, hulikumbuka neno hili kila nisomapo habari za Lagos. Si ile ya Nigeria, bali mji mkongwe wa pwani ya Algarve, kusini mwa Ureno.

Mwaka 2012 serikali ya Ureno ilianza kuwapa wageni kibali cha ukaazi, mradi wanunue nyumba au ardhi ya euro 500,000. Naam, fedha ziliingia na majumba yaliyochakaa yakakarabatiwa; hilo halikanushiki. Lakini manunuzi hayo, pamoja na nyumba za kukodishia watalii, yalichangia kupandisha bei hadi mishahara ikaachwa nyuma. Mwaka 2022 nyumba za kuishi za pwani ya Algarve ziliondolewa katika mpango huo. Oktoba 2023 mlango wa kununua nyumba ukafungwa nchi nzima.

Lagos inajua biashara chungu zaidi. Mwaka 1444 Waafrika waliotekwa waliteremshwa huko wakauzwa. Mwaka 2009, ujenzi wa maegesho ya magari ulifukua mifupa ya watu zaidi ya 150, watumwa kutoka Afrika.

Waama, kisichosogea ni ukuta. Anayesogezwa ni mwenyeji asiye na fedha. Kwa hiyo, mwanafunzi apimaye uwekezaji asiishie kwenye faida. Aulize pia: aliyekuwa akilala humu, leo analala wapi?